Nyumba za Eastlands na Miti Yake

Wasomaji wetu walio wengi ni watu wa shamba, na huenda mmoja akauliza: Nyumba za Nairobi zamhusu nini mkulima? Twajibu kwamba zamhusu sana. Kwanza, ni vigumu kupata kaunti katika nchi hii ambayo haina watoto wake katika mitaa ya Eastlands. Kijana akitoka Siaya, Kitui, Murang'a au Vihiga kwenda kutafuta kazi mjini, mara nyingi chumba chake cha kwanza hukipata Kayole, Umoja, Dandora, Huruma au Pipeline. Pili, yako maji. Mto Nairobi, mto Ngong na mto Mathare yote hupita katika mitaa hiyo, hukutana huko upande wa mashariki, kisha huingia mto Athi. Maji hayo huenda Machakos na Makueni, hupita Tsavo, na mwisho humwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mkulima wa Makueni anayemwagilia nyanya zake kwa maji ya Athi hunywesha mimea yake maji yaliyokwisha kupita nyuma ya nyumba za Eastlands. Na bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018, liko katika njia hiyo hiyo ya maji.

Basi maafisa wa kaunti ya Nairobi wanapokaa mezani kuidhinisha michoro ya nyumba, wakaamua mti gani ukatwe, kiwanja gani kijengwe na ukingo wa mto uachwe mita ngapi, wanaamua pia mambo ya watu wasiokaa Nairobi kabisa.

Haja ya nyumba ni kubwa, na hatupendi kubishana na jambo hilo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Katika eneo la Mathare peke yake walihesabiwa watu zaidi ya 68,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mkulima afikirie: kilomita moja ya mraba ni eka 247. Katika shamba la ukubwa huo watu hao wote wapika, wafua, walala na kulea watoto. Mtu anayesema kwamba nyumba mpya zisijengwe aende akakae huko mwezi mmoja, msimu wa mvua, kisha arudi atuambie.

Mitaa ya zamani ya Halmashauri nayo imechakaa. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na Ofafa na Mbotela, iliyopewa majina ya madiwani wa Kiafrika wa wakati huo, ilifuata katika miaka ya 1950. Nyumba hizo zilijengwa kwa hesabu ya watu wa siku zile. Mabomba yameoza, maji machafu hufurika, na kila mpangaji ameongeza kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yake apate kuweka watoto au kupangisha. Kwa hiyo kaunti, na Serikali Kuu pia, zimeamua kuvunja na kujenga upya kwa ghorofa. Pangani, jirani ya Eastlands, nyumba 48 za zamani zilivunjwa na mahali pake pakapangwa nyumba 1,562, na kazi ikaanza mwaka 2020. Baadaye kaunti ilitangaza kwamba zamu ya Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba na Ziwani itafuata. Mwaka 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipitishwa, na mfanyakazi hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake kwa ajili hiyo, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Hizo ni fedha za watu wengi, na wenye kuzitoa wana haki ya kuuliza zinajenga mji wa namna gani.

Twasema kwamba mitaa hiyo ya zamani ilikuwa na kitu kimoja ambacho kikivunjwa hakitarudi. Kaloleni ilipangwa kwa mtindo wa mji wa bustani: nyumba fupi za mawe, uwanja katikati, ukumbi wa mikutano, na njia pana za nyasi na miti. Mpango mkubwa wa Nairobi wa mwaka 1948 nao ulitaka watu wakae katika vijiji vya mjini, kila kimoja na shule yake na uwanja wake. Hatusemi kwamba waliopanga hivyo walikuwa watu wema kupita kiasi. Walimweka Mwafrika upande wa mashariki, penye joto na udongo mbaya, nao wakajichukulia Muthaiga na Karen penye udongo mwekundu na mvua nyingi. Lakini hata katika ubaguzi huo waliacha nafasi kati ya nyumba na nyumba, na wapangaji wenyewe wakapanda miti. Wakapanda migrevilea, mijakaranda, miembe, miparachichi na ua wa michongoma. Sasa miti hiyo mingine ina umri wa miaka 60 na zaidi, na juu yake hukaa mwewe na kwarara, mnana hujenga viota, na nyuki huja wakati wa maua.

Mkulima anaujua vizuri udongo ambao sisi twauita mbaya. Ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha huvimba na kushika gumboot mpaka mtu akaacha kiatu nyuma. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mche mdogo ukipandwa humo huvutwa mizizi na kukatwa kila kiangazi, na wakati wa masika husimama katika dimbwi la maji mpaka ukaoza. Mti unaofaulu kufika miaka 60 katika udongo huo umeshinda vita vikubwa. Kwa hiyo mjenzi anapoandika katika karatasi zake kwamba atakata miti mikubwa 40 na badala yake atapanda miche 400, mtu wa mjini husikia kwamba amepata faida ya miti 360. Mkulima huuliza: Nani atakayemwagilia? Mashimo yatachimbwa kina gani? Mbolea itatoka wapi? Mbuzi watazuiwa na nani? Na mwaka wa tatu itabaki mingapi? Maswali hayo ya mkulima ndiyo tunayotaka yaulizwe katika ofisi ya mipango.

Nchi yetu hupenda sana kupanda miti. Desemba mwaka 2022 Serikali ilianza kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko ili kila mtu apande, na tarehe 10 Mei 2024 vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010 yasema nchi iwe na miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake, na hesabu iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha kwamba tumefika asilimia 12.13. Hayo ni mema. Lakini kupanda ni kazi ya siku moja yenye picha na hotuba, na kutunza ni kazi ya miaka isiyo na picha.

Tukumbuke pia jambo la Novemba mwaka 2020. Barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa, ulikuwako mugumo mkubwa huko Westlands, kando ya Waiyaki Way, uliotakiwa kung'olewa. Watu walipiga kelele, magazeti yakaandika, na amri ikatoka kwamba usikatwe. Barabara ikapita kando yake. Tulifurahi kama wengine. Lakini je, ni nani atakayepiga kelele kwa ajili ya miti ya Jericho au Maringo? Prof. Wangari Maathai aliutetea Uhuru Park mwaka 1989, na msitu wa Karura mwaka 1999, akapigwa kwa ajili yake. Mti wa Eastlands haujulikani na watalii, wala haumo katika kitabu cha wageni. Ni kivuli cha mama anayeuza sukuma wiki, na mahali ambapo wazee hucheza bao, na ndiyo maana ni rahisi kuukata.

Na sasa maji. Tunataka msomaji achukue kalamu afanye hesabu pamoja nasi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita 1 ya maji. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu Nairobi katika mwezi wa Aprili, huangusha lita 200,000 katika eka moja. Penye nyasi na miti sehemu ya maji hayo huzama, sehemu hushikwa na majani, na yaliyobaki huenda polepole. Penye paa, saruji na lami, karibu yote hukimbia mara moja kwenda mtaroni, na mtaro umejaa plastiki. Mkulima amefundishwa miaka mingi kuchimba matuta na kupanda nyasi ili maji yatembee yasikimbie. Mjini twafanya kinyume chake, kisha twashangaa.

Aprili na Mei mwaka 2024 maji yalikuja. Mathare na Mukuru watu waliamka usiku na kukuta vitanda vinaelea. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 200. Baada ya hapo Serikali ikaamuru watu watoke mita 30 kutoka mtoni, na tingatinga zikaja kuvunja nyumba za watu ambao walikuwa hawajakausha hata magodoro yao. Ni kweli kwamba ukingo wa mto si mahali pa nyumba. Lakini ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi sheria zetu zilitaja vipimo mbalimbali vya ukingo, tangu mita 6 hadi mita 30, na mwenye kiwanja akachagua kile kilichompendeza, na karatasi zake zikapigwa muhuri. Mpangaji maskini hakupiga muhuri wowote. Alilipa kodi tu.

Wala si mafuriko peke yake. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita ilianguka Huruma. Ilikuwa karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa humo. Udongo uliolowa, ukingo usiolindwa na jengo lisilokaguliwa vilikutana mahali pamoja. Mtu anayesema kwamba mambo ya miti na kingo za mito ni anasa ya watu wenye nafasi, na kwamba maskini anataka nyumba tu, akumbuke Huruma kwanza.

Wako wenzetu wanaosema: Mtu hawezi kulala juu ya mti, mkitaka nyumba 1,562 mahali pa 48, lazima mkate. Neno hilo laonekana kuwa na nguvu, lakini halina hesabu. Nyumba za ghorofa hukaa juu ya ardhi ndogo. Ukizipandisha watu mara thelathini kwenda juu, ardhi ya chini haina sababu ya kujaa. Kinachoijaza ni magari. Tazama michoro mingi ya nyumba mpya: jengo hapa, jengo pale, na katikati yake saruji ya kuegesha magari ya watu ambao wengi wao hupanda matatu. Nafasi ya magari manne yatosha kabisa kuacha mwembe mmoja na kivuli chake. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba tunachagua kati ya nyumba na mti. Mara nyingi tunachagua kati ya mti na gari ambalo bado halijanunuliwa.

Tunaongeza kwamba si kila mti ni mtakatifu. Mkalitusi uliopandwa karibu na bomba la maji machafu, au mti uliooza ndani ukainamia darasa la watoto, ukatwe, na kuni zigawiwe watu. Afisa wa misitu apite, atazame, aseme. Tunachokataa ni kukata kwanza na kutazama baadaye.

Huko Uingereza wametunga sheria ambayo ilianza kazi tarehe 12 Februari 2024. Mtu anayetaka kujenga lazima kwanza mahali pake papimwe: miti, nyasi, ua, vidimbwi na viumbe vyake. Akimaliza kujenga, lazima hali ya vitu hivyo iwe bora kwa asilimia 10 kuliko alivyovikuta, na itunzwe kwa miaka 30. Halmashauri ya mahali ndiyo inayosimamia. Hatusemi tuichukue sheria hiyo kama ilivyo. Wao wana wataalamu wengi na hata hivyo wajenzi wadogo wamelalamika kwamba inawachelewesha. Lakini jambo moja ndani yake ni la akili ya kawaida, nalo ni kuhesabu kabla ya kuvunja. Mkulima hauzi ng'ombe kabla ya kuwahesabu.

Kwa maoni yetu kaunti ya Nairobi yaweza kuanza na machache. Kabla mtaa wa zamani haujakabidhiwa kwa mjenzi, kila mti mkubwa upewe nambari na uwekwe katika mchoro, na viwanja vyote vilevile. Mjenzi aweke fedha za dhamana kaunti, na azirudishiwe mwaka wa tatu au wa nne, kwa hesabu ya miti iliyo hai na si ya miche iliyopandwa. Tunaamini kwamba hapo ndipo utakapoona mjenzi akinunua samadi. Maji ya paa yaingie katika matangi. Na kila jengo liwe na kipande cha bustani cha wapangaji, kwa maana kaunti yenyewe ilitunga sheria mwaka 2015 ya kukuza na kuongoza kilimo cha mjini. Sheria hiyo haitakuwa na maana ikiwa mahali pa kulima pamejaa saruji.

Juu ya viwanja twataka kusema kwa ukali kidogo. Uwanja usio na mwenyewe huliwa. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na viwanja vya mijini vilikuwa miongoni mwao. Uwanja wa watoto huanza kwa kibanda kimoja, kisha gereji, kisha ukuta, kisha hati. Basi uwanja unaobaki baada ya ghorofa kujengwa usiachwe kwa maneno ya mdomo. Uandikishwe kuwa ardhi ya umma, upimwe, na mawe ya mpaka yawekwe.

Na wenye mtaa wapewe kuutunza. Watu wa Eastlands wameonyesha kwamba wanaweza. Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green waliondoa takataka ukingoni mwa mto Nairobi, mahali palipoogopwa hata mchana, wakapanda miti na mboga na kupafanya uwanja wa watu. Dandora, ambako lile jaa la takataka lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001 na likaendelea kupokea, vijana walisafisha nyua za katikati ya nyumba zao, ua baada ya ua, wakaweka maua na mahali pa watoto. Na Mukuru, baada ya eneo lote kutangazwa mwaka 2017 kuwa la mpango maalum, wenyeji waliitwa kusema njia zipite wapi na maji machafu yaende wapi. Mambo hayo hayakutimia yote. Lakini yalionyesha kwamba mtu wa chumba kimoja anajua mto unapopanda hufika mlango gani, na mtaalamu mwenye ramani hajui.

Hapa ndipo tunapowageukia wasomaji wetu wa Eastlands, maana tunajua gazeti hili hufika kwa wengi wao, likiwa limefunga mboga. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 zinataka watu waelezwe na waulizwe kabla ya ruhusa kutolewa. Tangazo hubandikwa, mkutano huitwa ukumbini. Mara nyingi wanaokuja huuliza jambo moja tu: Je, mimi mpangaji wa zamani nitapata nyumba? Ni swali la haki, nalo liulizwe kwanza, na jibu liandikwe. Kisha aulizwe mjenzi ramani ya miti. Aulizwe mto uko mita ngapi kutoka ukuta wa mwisho, na mita hizo zimepimwa kutoka wapi, katikati ya maji ya kiangazi au mahali maji yalipofika mwaka 2024. Aulizwe udongo mweusi utakaochimbwa kwa ajili ya misingi utapelekwa wapi, kwa sababu malori yakiumwaga kandokando ya mto ng'ambo ya pili, mafuriko yamehamishwa tu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Majibu yakikosekana, malalamiko yaandikwe na nakala iwekwe, kwa maana lipo baraza la rufaa la mambo ya mazingira, na baraza husoma karatasi, halisikii manung'uniko ya njiani.

Michoro inayoletwa kwa maafisa wa mipango huonyesha ghorofa ngapi, vyumba vingapi na magari mangapi yataegeshwa. Tunaomba mistari miwili iongezwe: miti mingapi imesimama hapo leo, na mingapi itakuwa imesimama siku ya kukabidhi funguo. Afisa atakayepokea mchoro bila mistari hiyo aurudishe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.